Sanduku la Sinema: Sikio Lililokatwa Pembeni mwa Kamera

Barua za mwezi huu karibu zote zimeishika filamu moja, Reservoir Dogs ya mwaka 1992. Kwa ambaye hajaiona: mkuu wa genge, mzee Joe Cabot, na mwanawe Eddie wanakusanya wanaume sita wasiojuana ili wavamie duka la almasi mjini Los Angeles. Kila mmoja anapewa jina la rangi: White, Orange, Blonde, Pink, Blue, Brown. Polisi wanatokea upesi kuliko ilivyotarajiwa, watu wanakufa, na waliopona wanakimbilia bohari moja tupu. Humo wanaanza kuulizana ni nani kati yao askari kanzu. Filamu ni ya dakika 99, na sehemu kubwa ni watu wanaozungumza. Ambaye bado anataka kuitazama aweke gazeti kando kwanza, maana majibu yanatoboa kila kitu.

*Mimi na mwenzangu tunabishana siku ya tatu sasa. Yeye aapa kwamba aliona sikio la yule polisi likikatwa, na damu ikaruka. Mimi nasema kamera iligeuka. Kuna birika la kahawa na sahani ya halua hapa, atakayeshindwa atalipa. Tuamulieni.*
— Wa barazani, Langoni, Lamu

Mwenzako alipe. Ukataji wa sikio haumo katika filamu iliyotoka.

Mtiririko ni huu. Mr. Blonde, aliyeigizwa na Michael Madsen, anaachwa peke yake na polisi kijana aliyefungwa kitini, mdomo umezibwa kwa gundi ya utepe. Anachomoa wembe wa kinyozi kutoka kwenye buti lake, anafungulia redio, anacheza hatua mbili tatu, anamchana yule polisi shavuni. Hapo unaona. Kisha anamkalia mapajani na kulishika sikio, na palepale kamera inaondoka. Inapanda kushoto, inatulia kwenye ukuta mtupu na mlango, juu yake pana maandishi ya kuwatahadharisha watu wasigonge vichwa. Kwa sekunde kadhaa unalolipata ni sauti tu: mguno uliozibwa na gundi, na wimbo wa redio unaoendelea kwa furaha kama vile hapana lililotokea. Unapomwona Blonde tena, kazi imekwisha na sikio liko mkononi mwake.

Kwa nini basi mwenzako aape? Kwa sababu macho alishapewa vitu viwili vya kweli, wembe kabla na jeraha baada, na masikio yakapewa cha katikati. Akili ikashona. Ndiyo maana watu wengi duniani wana kumbukumbu hiyohiyo ya uongo, wala si ugonjwa wa Langoni peke yake.

Picha ya kukata ilipigwa, kwa sikio la bandia lenye mrija wa damu. Waliotengeneza ni kampuni ya KNB, na Robert Kurtzman wa kampuni hiyo alikuwa amemlipa mwongozaji, Quentin Tarantino, dola 1,500 amwandikie skripti nyingine; vipodozi vya majeraha vya Reservoir Dogs vikawa sehemu ya mapatano hayo. Walipoufikia uhariri, picha inayogeuka ikaonekana kali zaidi kuliko inayoonyesha, ikachukuliwa hiyo.

Na bado watu walitoka. Katika tamasha la Sitges, Hispania, mwaka 1992, miongoni mwa waliosimama na kuondoka ukumbini walikuwamo Wes Craven, mwongozaji wa filamu za kutisha, na Rick Baker, fundi mkubwa wa vipodozi vya sinema. Watu ambao kazi yao ni damu! Nchini Uingereza filamu iliruhusiwa kumbini kwa cheti cha 18, lakini kanda ya video ikazuiwa mpaka mwaka 1995.

Mkiitazama tena, msikilize linalofuata badala ya kulitazama sikio. Blonde anatoka nje kuchukua petroli garini, na kamera inamfuata bila kukata. Mlango ukifunguka, muziki unafifia hadi unakwisha. Nje ni mchana wa kawaida, mtaa umetulia. Anarudi ndani na galoni, muziki unapanda tena. Hakuna tone la damu katika kipande hicho, na ndicho kibaya kuliko vyote, maana kinakuambia kwamba kelele zile hazivuki ukuta.

*Naonyesha filamu kwa kiingilio. Niliweka hii, na wateja watatu wakadai warudishiwe pesa kwa kuwa hawakuuona wizi wenyewe. Wanasema kanda imekatwa. Je, kuna toleo lenye wizi?*
— Mwenye kibanda, Kisumu Ndogo, Malindi

Halipo. Uvamizi wa duka la almasi haumo kwa makusudi; unasikia habari zake kutoka kwa watu wanne ambao kila mmoja ana hofu yake. Unaona kabla, unaona baada, na mbio kidogo za barabarani.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Tarantino alikuwa karani wa duka la kukodisha kanda, Video Archives, huko Manhattan Beach, California. Mpango wake wa awali ulikuwa kupiga filamu hii na marafiki kwa dola 30,000, kwa mkanda mwembamba wa milimita 16. Mtayarishaji wake, Lawrence Bender, alimpa skripti mkufunzi wake wa uigizaji, na kupitia mke wa mkufunzi huyo ikamfikia Harvey Keitel. Keitel akakubali kuigiza Mr. White, akaingia kama mtayarishaji, akagharimia hata usaili wa waigizaji New York. Bajeti ikapanda ikapita dola milioni moja. Kwa Hollywood hizo ni pesa za nauli. Kuonyesha duka, vioo, wateja, polisi na milio ya bunduki kungelamba sehemu nene ya bajeti hiyo kwa dakika chache. Bohari moja ni rahisi: unaingia asubuhi, taa unaziacha zilipo, hufungi mtaa.

Sababu ya pili ni kwamba kisa kinategemea kutojua. Ukimwona kila mtu alifanya nini dukani, utajua nani msaliti, na bohari inakosa kazi.

Mbinu ya kukusanya watu kwa majina ya rangi si mpya: ilikuwamo katika The Taking of Pelham One Two Three ya mwaka 1974. Kupindua mpangilio wa saa katika kisa cha wizi kulikuwamo katika The Killing ya Stanley Kubrick, 1956. Na askari kanzu anayefanywa rafiki na mwizi anayemchunguza, hadi kuelekezeana bastola ghalani, utamkuta katika City on Fire ya Ringo Lam, Hong Kong, 1987. Mteja anayetaka kuona duka la vito likivamiwa mwekee hiyo ya Hong Kong. Hataidai pesa yake.

*Sisi ni vijana wanne, tunapiga filamu fupi kwa simu. Damu yetu inaonekana kama sharubati. Tulijaribu nyanya ya kopo, ikanuka na ikaleta nzi. Ile ya Mr. Orange pale sakafuni walitengenezaje, na sisi tutumie nini kinachopatikana dukani?*
— Vijana wa Maweni, Malindi

Ile ya Mr. Orange, anayepigwa risasi ya tumbo na kulala akivuja damu boharini, ilikuwa ya sharubati pia, lakini sharubati nzito ya sukari ya mahindi iliyotiwa rangi. Tim Roth, aliyemwigiza, alilala humo kwa saa nyingi, kila siku, katika kiangazi cha Los Angeles cha 1991, mpaka ikamkaukia na kumgandisha sakafuni, ilibidi abanduliwe. Kumbukeni hilo mnapompangia mwenzenu alale chini.

Sharubati ya mahindi hamna haja nayo. Pikeni hii, inatoa lita moja na kidogo:

Kilo moja ya sukari nyeupe na nusu lita ya maji, sufuriani, moto wa wastani. Koroga mpaka sukari yote iyeyuke na maji yawe safi, halafu tia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu, acha ichemke polepole dakika tatu, epua. Ndimu si ya ladha. Asidi yake inaivunja sukari kidogo ili isirudi kuwa chenga ikipoa. Mkiiacha ndimu, kesho mtakuta chupa ina mawe chini. Mkipitisha moto zaidi ya hapo, mtapata nyuzinyuzi za peremende badala ya damu.

Ikipoa ndipo mtie rangi. Chukueni rangi nyekundu ya chakula ya unga, ileile inayotiwa mabuyu. Nusu kijiko cha chai kiyeyusheni pembeni katika vijiko viwili vikubwa vya maji ya moto, kisha mtie kidogo kidogo. Unga ukimwagwa moja kwa moja kwenye sharubati hauyeyuki. Utaelea kama vidoa, na kidoa kimoja kikishikwa na jasho la mtu kinachora mstari mwekundu usiotoka.

Hapa ndipo ilipokosea yenu: nyekundu tupu huonekana waridi mbele ya simu, hasa chini ya taa nyeupe za LED. Damu ina giza ndani yake. Koroga vijiko viwili vya chai vya kakao katika maji ya moto kidogo, chuja kwa kitambaa, tia. Kisha rangi ya buluu, ncha ya kijiti cha meno tu. Ikizidi damu inakuwa zambarau na hakuna dawa ya kuirudisha ila kuongeza sharubati. Pakeni kidogo kwenye karatasi nyeupe, mpige picha kwa simu ileile na taa ileile mtakayotumia. Msiamini macho, aminini skrini. Kwa damu ya saa kadhaa, iliyokauka, ongezeni kahawa tungu iliyokolea, maana damu ya kweli ikikaa inaelekea udongo.

Uzito unategemea mahali. Ya kutiririka kutoka kichwani izimuliwe kwa maji, sehemu nne za damu kwa moja ya maji. Ya jeraha lililosimama iwe kama ilivyo. Ya kidimbwi sakafuni pimeni hivi: kwenye saruji laini damu hukaa kama milimita mbili, kwa hiyo lita moja inafunika nusu mita ya mraba. Mnataka mita nzima, andaeni lita mbili. Kuta na sakafu za chokaa hunywa rangi na hazitoi, kwa hiyo laza turubai au, kama kamera inaona sakafu, paka kwanza nta ya sakafu mahali hapo na mumwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maneno yaliyo wazi.

Ya mdomoni iwe ya vitu vya kuliwa pekee. Ya nguoni tieni kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwa kila lita, rangi itatoka kwa urahisi zaidi, lakini hata hivyo jaribuni kwanza kwenye upindo, na kanzu nyeupe muihesabu kuwa imeshapotea. Ngozini paka mafuta ya nazi membamba kabla, rangi isishike. Machoni, kamwe. Na tafadhali, rangi za kutilia ukili wa mikeka si za mwilini, hata kama ni nyekundu nzuri namna gani.

Nzi watakuja, na sisimizi pia, hata kwa hii; sukari ni sukari. Funikeni sufuria, mwageni dakika ya mwisho, mkimaliza osheni kwa maji ya moto mara mbili, si ya baridi. Wakati wa kaskazi, jua na upepo huigandisha haraka. Kaeni na chupa ya kupulizia maji, mumnyunyizie aliyelala kila baada ya dakika kumi. Katika friji hudumu wiki. Nje, ikianza kutoa povu, mwageni.

Tundu la risasi: katika filamu zile hutumia skwibu, yaani fataki ndogo juu ya kibati cha kumlinda mwigizaji, mfuko wa damu juu yake, na waya unaokwenda kwenye betri ya fundi mwenye leseni. Msijaribu. Fanyeni hivi: puto dogo lenye vijiko viwili vikubwa vya damu, lisijazwe, maana likijaa litapasuka mtu akiinama. Libandike kwenye fulana kwa utepe. Juu ya puto gundisha kipande kidogo cha msasa, upande wa makwaruzo chini, na ukifunge kwenye mshipi mwembamba wa kuvulia wa mita nne unaopitia ndani ya shati hadi kwa mwenzenu nje ya picha. Shati ulikwangue kwa ndani mpaka nyuzi zibaki chache. Akivuta kwa nguvu mara moja, msasa unapasua puto na shati linafunguka. Akivuta polepole mtapata shati linalotembea lenyewe, na hadhira itacheka. Shoneni mashati matatu ya namna moja kabla ya kuanza, kwa sababu la kwanza halifaulu.

*Risasi ya tumbo, na mtu anazungumza saa nzima? Mimi ni muuguzi mstaafu na nilikuwa nikitikisa kichwa.*
— Bibi wa Mkomani, Lamu

Shikamoo Bibi. Unayajua haya kuliko sisi, lakini kwa wasomaji wengine: mtu mzima wa kilo 70 ana damu karibu lita tano. Akipoteza chini ya asilimia 15 huenda asionyeshe dalili kubwa. Akipita 30 shinikizo linashuka, anachanganyikiwa. Akipita 40, yaani kama lita mbili, yuko mlangoni. Risasi ya tumbo ikigusa mshipa mkubwa au ini, mambo ni dakika. Ikipita matumbo tu, mtu anaweza kukaa saa nyingi kwa maumivu makali, na kinachomtishia baadaye ni uchafu uliomwagika ndani. Kwa hiyo Mr. White hakusema uongo mtupu anapomfariji mwenzake kwamba tumbo linauma lakini haliui haraka.

Kinachofurahisha ni kwamba walijali. Palikuwa na mhudumu wa dharura kwenye seti wa kuangalia kidimbwi kisipite kiasi ambacho mtu anaweza kupoteza na bado akasema. Rudi kwenye hesabu ya lita mbili kwa mita moja ya mraba tuliyowapa vijana wa Maweni, utazame kidimbwi katika nusu ya mwisho. Orange anazimia na kuzinduka mara kwa mara, na sauti yake inakwenda ikipungua. Kasoro utakayoiona wewe kama muuguzi ni nyingine: hakuna hata mmoja anayekandamiza jeraha kwa kitambaa. Wanamfungua mkanda wa suruali, wanamchana nywele, wanamshika mkono.

Aliyempiga risasi ile, mwanamke mwenye gari waliyotaka kumnyang'anya, aliigizwa na mwalimu wa lafudhi wa Roth. Roth ni Mwingereza na huyo ndiye aliyekuwa akimsahihisha matamshi ya Kimarekani. Roth mwenyewe ndiye aliyetaka apewe nafasi hiyo.

*Nani alimuua Eddie?*
— Watu wengi; barua sita

Mwisho wa filamu Joe anamwelekezea bastola Orange, White anamwelekezea Joe, Eddie anamwelekezea White. Milio inapasuka, wote wanaanguka. Hesabu risasi na utakwama: Joe anampiga Orange, White anampiga Joe, Eddie anampiga White. Hakuna aliyebaki wa kumpiga Eddie.

Mpango ulikuwa White ampige Joe, ageuke ampige Eddie, kisha naye apigwe. Kwa maelezo ya Chris Penn, aliyemwigiza Eddie, skwibu la Keitel lililipuka kabla ya wakati. Keitel alipolisikia kifuani akaanguka, kama mwigizaji anavyofunzwa. La Penn nalo likalipuka, Penn akaanguka. Tarantino akaiacha. Alikadiria kwamba watu wataizungumzia. Barua sita, Malindi na Lamu, baada ya miaka zaidi ya thelathini!

Kwa hiyo ndani ya kisa muuaji ni White, na kwenye mkanda muuaji ni waya wa betri.

*Nafanya kazi mezani katika hoteli ya watalii Watamu. Yule Mr. Pink anayekataa kutoa bahshishi alinikera kuliko mwenye wembe. Hivi Marekani ndivyo walivyo?*
— Mhudumu, Watamu

Kinyume chake, na ndiyo maana tukio lile linauma. Marekani mhudumu wa meza kwa sheria ya nchi anaweza kulipwa mshahara mdogo sana, kwa kuhesabiwa kwamba bahshishi itajaza. Mwaka 1991 ilikuwa dola mbili na senti kidogo kwa saa, na kiwango cha taifa kimesimama karibu hapohapo. California, ambako kisa kinatokea, haina mpango huo; mhudumu analipwa kima cha chini kamili. Hapo hoja ya Pink ina mguu mmoja wa kusimamia, ingawa yeye mwenyewe haijui.

Kila mtu mezani anatakiwa atoe dola moja. Joe, aliyelipa kifungua kinywa, anarudi na kukuta imepungua, na Orange anamtaja Pink papo hapo. Angalieni huyo aliyechongea ni nani: ndiye askari kanzu mwenyewe.

*Mwanangu ana miaka 14. Nimegundua ameitazama kwa simu pamoja na wenzake. Nimpige, nimnyang'anye simu, au nifanyeje? Na hiyo filamu imeruhusiwa?*
— Mama, Barani, Malindi

Mama, kwa kuwa ameshaiona, kunyang'anya simu hakuifuti. Filamu hii ilipewa cheti cha 18 Uingereza na R huko Marekani, ambako aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Hapa Kenya madaraja ya bodi ya uainishaji, KFCB, ni GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16 na 18, na televisheni za kawaida hazitakiwi kuonyesha mambo ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Simu haina saa nne usiku.

Mwulize aliona nini wakati wa sikio. Akikueleza kwamba aliona likikatwa, msomee jibu la kwanza la ukurasa huu, halafu mwambie akutafutie dakika ile akuonyeshe. Atatazama mara ya pili kama fundi anayetafuta mshono. Mtoto aliyeona mshono halali usingizi wa mang'amung'amu. Kinachostahili wasiwasi zaidi kuliko damu ni mdomo: matusi katika filamu hii yanapita 250, na mengi ya dharau yanawalenga watu weusi na wanawake, yakisemwa kwa mzaha na watu wanaovutia. Hilo ndilo la kuzungumza naye, na Kiswahili kinatosha.

Kama simu ni yako, huduma nyingi za filamu zina mahali pa kuweka namba ya siri na kiwango cha umri. Weka 13, na namba usiifanye mwaka wake wa kuzaliwa.

*Tunataka kupiga tukio la kuelekezeana bastola chini ya wikio, lile daraja la nyumba linalovuka juu ya kichochoro, usiku. Tuna bastola tatu za plastiki, zinafanana kabisa na za kweli. Kuna la kutahadhari?*
— Kikundi cha maigizo, Mkomani, Lamu

Lipo kubwa. Hizo kufanana kabisa ndiko kunakoweza kuwaua. Katika kichochoro chenye upana wa punda wawili, usiku, askari wa doria anayekutana na vijana watatu wenye bastola hana nafasi ya kuuliza skripti iko wapi, na Lamu imeshaona misiba ya kutosha ya bunduki za kweli.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka leseni ya kupiga filamu. Ipateni. Barua yenye tarehe, saa na jina la kichochoro mpelekeeni mkuu wa kituo cha polisi, na nakala kwa mzee wa mtaa. Siku yenyewe nendeni tena kituoni kabla ya kuanza, kwa sababu zamu hubadilika na aliyesoma barua huenda amelala. Zungukeni nyumba za pembeni kuwaambia watu. Mtu aamkaye kwa kelele na kuchungulia dirishani asipate mshtuko. Bastola zikae sandukuni kwa mtu mmoja, ambaye si mwigizaji, azitoe kamera ikiwa tayari na azichukue ikisimama. Mtu asitembee nayo hata kwenda kunywa maji. Wekeni watu wawili wenye fulana za kung'aa kwenye ncha mbili za kichochoro.

Hata wenye mabilioni hukosea. Mwaka 1993 Brandon Lee alikufa akipiga filamu: ncha ya risasi ya maonyesho ilibaki ndani ya mtutu bila kugunduliwa, kisha ikafyatuliwa na risasi yenye baruti tu. Mwaka 2021 mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwenye seti kwa bunduki iliyotarajiwa kuwa haina risasi hai. Plastiki haina hatari hiyo, lakini ina ile ya doria.

Au fanyeni kama bohari: ingieni ndani. Nyumba moja ya mawe, mlango umefungwa, taa ya kandili. Kamera iwe kwenye nyuso tatu, na milio ikianza iondoke ipande kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, itulie kwenye kombe moja la kauri. Mlio mtautia baadaye, wa ubao mbichi kuvunjika chumbani kwenye mwangwi, na kichwa cha kabichi kikipasuliwa kwa mikono kitawapa mfupa. Hamtahitaji bastola zaidi ya moja, na hiyo nayo ionekane mara moja tu.

*Je, suti zile zilishonwa na nani? Nataka nimpelekee fundi picha.*
— Bwana harusi, Muyeye, Malindi

Usimpelekee, atachanganyikiwa. Bajeti haikutosha suti za namna moja. Steve Buscemi, aliyeigiza Mr. Pink, alivaa jinzi zake nyeusi chini ya koti. Koti na suruali ya Madsen havikutoka kitambaa kimoja. Chris Penn alikuja na trakisuti yake mwenyewe, na Cadillac anayoendesha Blonde ilikuwa gari la Madsen. Kinachowafanya waonekane sare ni shati jeupe, tai nyembamba nyeusi, miwani, na mwendo uliopunguzwa kasi. Kwa joto la Malindi chagua pamba nyepesi, tai ya upana wa vidole vitatu.

*Mr. Pink alitoroka na almasi au la? Hapa Ngomeni tumegawanyika.*
— Nahodha, Ngomeni

Hakufika mbali. Vaa visikizi na urudishe dakika za mwisho. White yuko sakafuni amempakata Orange, na macho yote yako kwao. Nyuma yao, nje ya bohari, sikiliza: mlango wa gari, injini, ving'ora, mgongano, polisi wakiamuru, milio, na sauti ya Pink akipiga kelele kwamba amepigwa risasi. Anakamatwa akiwa hai. Ukitazama kwa spika ya simu huyapati hayo hata kidogo, na hapo ndipo mgawanyiko wenu ulipoanzia.